Mlezi wa Muda

Anayechukua mbwa kwenye kituo cha wanyama wasio na makao kwa siku chache, akijua atamrudisha, hukutana na lawama moja: unamwonjesha raha kisha unamnyang'anya. Lawama hiyo inatoka kwenye huruma, kwa hiyo si ya kupuuzwa. Lakini ni jambo linalopimika, na limepimwa. Mtafiti Lisa Gunter na wenzake waliwafuatilia mbwa 207 katika vituo vitano vya Marekani, wakapima kotisoli, homoni inayopanda mwili ukifadhaika, kabla ya mbwa kwenda kulala majumbani usiku mmoja au miwili, wakiwa huko, na baada ya kurudi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2019. Majumbani kotisoli ilishuka. Kituoni ikapanda tena, lakini haikupita ilipokuwa mwanzo. Raha ilikuwa fupi, naam, ila sioni nani aliyedhulumiwa.

Na huyo ni mbwa mzima. Kwa mtoto wa paka aliyeachwa na mama, suala si raha tena. Akiwa na wiki moja hunyweshwa kwa chupa kila baada ya saa mbili au tatu, usiku kucha, maziwa yaliyotengenezwa kwa ajili yake maana ya ng'ombe humharisha. Tena hawezi hata kukojoa mpaka apanguswe kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu. Vituo vyetu, kama kile cha shirika la kutunza wanyama la KSPCA jijini Nairobi, ni vya kuhesabika, na mhudumu wa mabanda mengi hawezi kuwa mama wa kila kitoto saa tisa za usiku. Isitoshe, kati ya wiki ya pili na ya saba ndipo paka anapomzoea binadamu. Akizipitisha bila kushikwa, huenda akaishi, lakini atakimbia kila mguu unaomsogelea, na paka wa namna hiyo nani atamchukua?

Wapo watakaouliza kwa nini tusianze na watoto wa mitaani. Tuanze nao, na kwa nguvu; ila kona ya jikoni aliyopewa paka kwa mwezi mmoja haikuwa ya mtoto yeyote. Lipo pia suala la dini: kwa Waislamu wa pwani wanaofuata madhehebu ya Shafii, mate ya mbwa ni najisi, na hilo liheshimiwe. Paka hana tatizo hilo, na paka wamejaa vichochoro vya Lamu na Unguja.

Pingamizi ninaloliona zito ni jingine: mlezi atapenda, atashindwa kuachia. Mnyama mmoja atakuwa amepata kwao, lakini mara nyingi mlango uliokuwa upokee wengine umefungwa. Kwa hiyo kabla ya kumkabidhi mtu mnyama, kituo kikubaliane naye ni nani atamtafutia mwenyewe, nani atawahoji wanaomtaka, na mnyama ataondoka lini.