Kususa Ng'ambo ya Mto

Kwetu Tanga mtoto akisusa chakula, mama haiondoi sahani. Anaifunika kwa kawa, anaiweka pembeni, na kila anayepita anajua kuwa sahani ile ina mwenyewe. Shangazi akisusa harusi kwa sababu hakushirikishwa kwenye posa, watatumwa wazee wawili na doti ya kanga wakambembeleze, na wote, wazee na shangazi mwenyewe, wanajua kwamba siku ya siku atakuja na vigelegele atapiga. Mtu hamsusii asiyemjua. Anayesusa, anasusa kwao.

Neno hili la kususa sijapumzika nalo tangu Februari 2025. Naishi Windsor, jimbo la Ontario, Kanada, huu mwaka wa 19. Nikitoka nyumbani kwa miguu, dakika kumi nimefika ukingo wa mto, na ng'ambo ya pili ni Detroit, Marekani. Mto wenyewe mwembamba. Jioni unaona taa za magari ya nchi nyingine kama unavyoona za mtaa wa pili. Mdogo wangu, tuliyenyonya ziwa moja, anakaa huko, upande wa Dearborn. Kwa miaka tumeonana Jumapili kwa Jumapili. Mimi siendeshi gari. Nilikuwa napanda basi la mji lililokuwa likipita handaki lililochimbwa chini ya mto, lile lililofunguliwa mwaka 1930, na mapajani nimepakata kopo la visheti. Askari wa mpakani ananiuliza nakwenda wapi, namwambia kwa mdogo wangu; nimebeba nini, namwambia visheti. Basi. Saa sita mchana niko jikoni kwake nakuna nazi.

Tarehe 1 Februari 2025 Rais Trump alisaini amri ya ushuru wa asilimia 25 kwa bidhaa za Kanada, huku akiendelea kusema nchi hii inafaa kuwa jimbo la 51 la Marekani. Siku hiyohiyo Waziri Mkuu Justin Trudeau aliwaambia wananchi wachague bidhaa za nyumbani, na pengine wabadili mipango yao ya likizo wabaki huku. Watu walimsikia kuliko alivyotarajia yeyote. Mwezi Mei, safari za Wakanada waliorudi kwa gari kutoka Marekani zilikuwa pungufu kwa asilimia 38 kuliko Mei ya mwaka uliotangulia. Hakuna sheria iliyowazuia. Kila mmoja alikaa mezani kwake akaamua.

Mezani kwetu aliyeamua kwanza ni baba watoto. Anafanya kazi kiwanda cha magari, na ushuru wa magari ulipoanza, kiwanda kikasimama wiki mbili kuanzia tarehe 7 Aprili. Alirudi siku ya mwisho na viatu vyake vya kazi mkononi, akaviweka barazani badala ya kuviacha kabatini kule kiwandani kama kawaida. Sikumuuliza kitu. Baada ya magharibi akasema, "Mama watoto, mimi niliapa kiapo cha nchi hii nimesimama na mkono juu. Senti yangu haivuki mto kwenda kwa mtu anayesema nchi yangu si nchi." Tulikuwa tumepanga kuwapeleka watoto Florida. Tukaacha. Watoto walinuna siku mbili wakasahau.

Nilikubaliana naye, na bado nakubaliana naye. Mtu akikutukana nyumba yako huendi kununua dukani kwake kesho yake asubuhi. Biashara ni ridhaa ya pande mbili; ridhaa ikiondoka, hakuna aliyedhulumiwa. Hakuna mtu duniani anayenidai likizo yangu.

Lakini nikaenda mbali zaidi. Jumapili ya kwanza sikwenda kwa mdogo wangu. Ya pili nikasema ni baridi. Ya tatu sikusema kitu. Nilikuwa nimeanza kuona fahari. Kila tulipokutana msikitini, kina mama tulihesabiana wiki ambazo hatujavuka, na mimi niliyekuwa na ndugu ng'ambo nilisifiwa kuliko wote, eti yangu ndiyo sadaka kubwa. Moyo wangu ukaipenda sifa ile. Naandika hili nikijua linanihukumu.

Aliyenishtua ni jirani yangu Mrundi. Ana makaratasi ya ukaazi wa Kanada lakini pasipoti yake ni ya Burundi, na tangu Juni 2025 Burundi imo kwenye orodha ya nchi ambazo raia wake Marekani imewafungia viza za matembezi. Ana kaka yake ng'ambo, kule Michigan. Siku moja tuko kituo cha basi, mimi nahadithia wiki zangu, akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema taratibu, kwa Kiswahili chake cha Bujumbura, "Wewe dada umesusa. Mimi nimesuswa." Basi lake likaja akapanda.

Nilirudi nyumbani nikafungua vitabu. Sisi Waislamu tuna mafunzo juu ya jambo hili, na si mafunzo mepesi. Mtume (S.A.W.) ametukataza kumhama ndugu zaidi ya siku tatu, na amesema mbora wa wawili waliogombana ni yule anayeanza salamu. Maulamaa wameeleza kwamba siku tatu hizo ni za ugomvi wa nafsi, na kwamba kumhama mtu kwa kosa la dini au la dhuluma ni mlango mwingine wenye masharti yake. Ndiyo maana tunazo habari za kususia za aina mbili katika historia yetu, na nimeziweka pamoja usiku mmoja baada ya mwingine.

Ya kwanza ni ya Makka. Makuraishi waliandika hati wakaitundika ndani ya Kaaba: hakuna kuwauzia Bani Hashim, ukoo wa Mtume, hakuna kununua kwao, hakuna kuoana nao. Ilidumu kiasi cha miaka mitatu. Waliobanwa kwenye bonde la Abu Talib, ami yake Mtume, hawakuwa Waislamu peke yao. Walikuwemo watu wa ukoo ambao hawakusilimu, walikuwemo watoto, na vilio vya njaa vya watoto vilisikika nje ya bonde. Kosa lilidaiwa kwa mtu mmoja, wakafungiwa wote. Mmoja wa watu wa Makka, Hisham bin Amr, alikuwa akimpakia ngamia chakula usiku, akifika mdomo wa bonde anamvua hatamu, anampiga ubavuni, ngamia anaingia mwenyewe. Hati ile ililiwa na mchwa.

Ya pili ni ya Madina. Kaab bin Malik alibaki nyuma safari ya Tabuk bila udhuru, pamoja na wenzake wawili. Watu wakaamriwa wasiseme nao, na ikawa siku 50. Wenzake wawili walijifungia majumbani wakilia. Kaab alikuwa kijana kuliko wao, akawa anatoka, anaswali na jamaa, anazunguka sokoni, na hakuna anayemjibu. Aliruka ukuta wa bustani ya binamu yake Abu Qatada, mtu aliyempenda kuliko wote, akamtolea salamu; hakuitikia. Pale kati mfalme wa Ghassan, jirani wa upande wa Shamu, akamtumia barua kumwita aje kwake atatunzwa. Kaab akaitia barua kwenye tanuri.

Katika habari yote hiyo kuna jambo moja dogo linaloninyima usingizi. Kaab anasimulia kwamba alikuwa akiswali karibu na Mtume, akimtazama kwa pembe ya jicho. Akiinamia sala yake, Mtume anamwangalia. Akigeuka kumtazama, Mtume anageuza uso. Kumbe siku zote 50 jicho halikumtoka. Na toba yake ilipokubaliwa, sahaba mmoja, Talha, aliinuka kikaoni akamkimbilia. Alikuwa akiingoja ile nafasi.

Nikajiuliza: sisi wa Windsor, tunasusia kama nani? Kama watu wa Madina, waliomnyima Kaab maneno huku macho yao yakiwa kwake? Au kama Makuraishi, waliotaka kumpata mtu mmoja wakaziba bonde zima?

Jibu lilikuja kwa simu, na halikutoka kwa shehe. Mdogo wangu anatandika vitanda hotelini, upande wao wa mto. Wageni wengi wa hoteli ile walikuwa Wakanada: waliokuja kwenye mpira wa magongo, kwenye matamasha, au kulala usiku mmoja kabla ya ndege. Siku zake za kazi zilikuwa tano. Tangu Aprili zikawa tatu. Alikuwa ameyajua haya miezi kadhaa bila kuniambia, na alinificha kwa sababu aliona nitadhani ananilaumu. Siku ile mtoto wake alikuwa na homa, amechoka, maneno yakamponyoka: "Dada, nyinyi mnamsusia mkubwa. Chumba kisicholaliwa ni changu mimi."

Nilinyamaza. Nilisikia maji yakichemka jikoni kwake, sufuria ninayoijua, yenye kifuniko kilichopinda.

Sitadai hapa kwamba Wakanada wamekosa. Hawamdai mdogo wangu kitu, wala yeye hawadai. Mtu wa Toronto aliyefuta safari yake amekaa na mali yake, na kama anataka sauti yake isikike kwa serikali ya jirani, ana njia gani nyingine? Kura ya kule hana. Ana mkoba wake na miguu yake. Watu wanyonge wamezitumia silaha hizo muda mrefu, na mimi nisiyependa vita naona heri mkoba ufungwe kuliko kitu kingine kifunguliwe.

Ila mimi nina deni ambalo mtu wa Toronto hana. Kuunga udugu si hisani ninayoweza kuiondoa nikikasirika na rais wa watu. Ni haki ya mdogo wangu juu yangu, na nitaulizwa. Kususia kitu ambacho hukuwa na deni nacho ni hiari yako, fanya. Kususia deni ni kumnyima mtu chake, hata ukikuta kina mama mia wanakupigia makofi. Hapo ndipo nilipokosea, na kosa halikuwa la siasa. Nilichukua haki ya mtu nikaitoa sadaka kwa ajili ya sifa yangu.

Nilimweleza baba watoto hivyohivyo. Alifikiri sana. Karibu na ukingo wetu kuna mnara uliowekwa mwaka 2001, wa watu weusi waliotoroka utumwa wakavuka mto huu kuja upande wetu, na yeye hupenda kukaa pale. Tulikwenda tukakaa. Akasema wale waliovuka waliacha ndugu zao kule, na wapo waliorudi kuwafuata, na kurudi kwao hakukuwa kuikubali nchi iliyowafunga. Kisha akasema, "Nenda. Usinunue kitu." Tulikubaliana hivyo: hakuna dukani, hakuna mafuta ya gari, hakuna hoteli. Ile fedha niliyokuwa nikiimaliza madukani kila Jumapili, nimkabidhi mdogo wangu mkononi mpaka siku zake zirudi.

Nilipotaka kwenda, basi halikuwepo. Lilifanya safari zake za mwisho mwisho wa Agosti 2025. Sababu iliyotajwa zaidi ni gharama. Nilisimama kituoni naangalia nguzo. Miezi yote niliyokuwa nikisusa, nilidhani njia itanisubiri kama ile sahani chini ya kawa.

Kijana wangu mkubwa ndiye aliyenipeleka. Handakini hapakuwa na foleni. Askari aliuliza tunakwenda wapi, nikasema kwa mdogo wangu. Tumebeba nini, nikasema visheti. Akaturuhusu. Kwa yule jirani yangu Mrundi nilipita alfajiri, akanipa bahasha ya kaka yake na picha ya watoto, nami nilimpelekea kaka yake wiki ileile.

Mdogo wangu alifungua mlango, amekonda. Salamu nilianza mimi.