Deni Lisiitwe Sadaka

Wasomaji wetu wengi wameona darasa lililoezekwa kwa mabati mapya, au kisima, au vitanda vya zahanati, vyenye jina la kampuni iliyovitoa. Siku ya kukabidhi huja wakubwa, watoto huimba, picha hupigwa. Hatusemi neno baya juu ya vitu hivyo: maji ni maji, na mtoto aliyekuwa akilowa darasani halowi tena. Walakini liko swali moja ambalo siku kama hiyo haliulizwi: je, wale wanaoifanyia kazi kampuni hiyo wamekwisha kupewa kilicho chao?

Tutatwaa mfano wa mbali, kwa kuwa mambo ya mbali twaweza kuyatazama pasipo chuki wala upendeleo. Huko Savar, karibu na mji wa Dhaka katika nchi ya Bangladesh, palikuwa na jengo la ghorofa nane lililoitwa Rana Plaza. Ndani yake mlikuwa na viwanda vitano vya kushona nguo za kuuzwa Ulaya na Amerika. Tarehe 23 Aprili 2013 kuta zake zilionekana zimepasuka. Benki na maduka ya ghorofa za chini yakafungwa. Kesho yake asubuhi washonaji, wengi wao wanawake vijana, waliamriwa kurudi kwenye cherehani zao; wengine waliambiwa kwamba asiyeingia atakosa mshahara wa mwezi. Wakaingia. Yapata saa tatu jengo likaanguka, na watu zaidi ya 1,100 wakafa.

Mambo yaliyofuata yafaa tuyatazame vema. Makampuni mengi yanunuayo nguo katika nchi ile yalikuwa na kanuni nzuri, zilizoandikwa, za kuwatunza wafanyakazi. Hata baadhi ya viwanda vya jengo lile vilikuwa vimekaguliwa kwa kanuni za namna hiyo. Ukaguzi huo haukumwokoa mtu. Kisha, mwaka 2014, ukawekwa mfuko wa kuwalipa majeruhi na jamaa za waliokufa, chini ya uangalizi wa Shirika la Kazi la Kimataifa. Zilitakiwa dola milioni 30. Lakini fedha hizo ziliombwa kuwa mchango wa hiari: kila kampuni itoe ipendavyo, na isiyopenda isitoe. Mfuko haukutimia mpaka Juni 2015, nao ulitimizwa na mtoaji aliyeficha jina lake. Kwa muda wa miaka miwili na zaidi, mtu aliyekatwa mkono chini ya kifusi alikuwa akingojea hisani ya watu, hali alikuwa anadai haki yake.

Hapo ndipo tunapoona kosa lenyewe. Deni liliitwa sadaka. Na deni likiisha kuitwa sadaka, mdaiwa hushukuriwa, na mwenye kudai huonekana mwombaji.

Wako wenye elimu wasemao kwamba kampuni haina wajibu ila kuwatafutia faida wenye hisa. Milton Friedman wa Marekani aliandika hivyo mwaka 1970, akasema kwamba meneja anayegawa fedha za kampuni kwa mambo mema anagawa mali ya wengine. Tukubali: neno hili lina ukweli ndani yake. Ni rahisi kuwa mkarimu kwa mfuko wa mtu mwingine, na sifa ukazipata wewe. Lakini ujira wa haki na nguzo imara si mali ya wenye hisa iliyogawiwa mfanyakazi. Ni mali ya mfanyakazi iliyo mikononi mwa kampuni. Faida ihesabiwe baada ya hayo.

Ndivyo Kanisa lilivyofundisha tangu Papa Leo XIII alipotoa waraka wake Rerum Novarum mwaka 1891: kwamba ujira hauwi wa haki kwa kuwa tu maskini ameukubali, maana mwenye njaa hukubali lolote. Marehemu Papa Fransisko, akihubiri tarehe 1 Mei 2013, aliutaja mshahara wa wale washonaji, euro 38 kwa mwezi, akauita utumwa. Na watoto wetu hufundishwa katika katekisimu kwamba kumnyima kibarua ujira wake ni miongoni mwa dhambi zimliliazo Mungu.

Mwezi huo huo wa Mei makampuni kadha wa kadha yalitia sahihi mapatano na vyama vya wafanyakazi, yenye nguvu ya sheria, ili majengo ya viwanda yakaguliwe na kutengenezwa. Huko ndiko kuanza kulipa deni.

Tusidhani kwamba habari hii ni ya wenye viwanda peke yao. Katika nyumba zetu za Kikristo yuko msichana wa kazi ambaye mshahara wake wa miezi miwili haujalipwa, naye siku ya Noeli hupewa gauni lililochakaa, tena hutazamiwa apige magoti kushukuru. Nasi mapadre tumo. Mara ngapi tumepokea mifuko ya saruji kwa ajili ya kanisa, tukamtaja mtoaji kwa jina mbele ya altare na waumini wakapiga makofi, huku vibarua wake wameketi katika viti vya nyuma, nao wanajua ni miezi mingapi hawajalipwa?