Mtoto Atakuwa Nani?

Mzazi mmoja wa Ikungi, mwenye shamba la alizeti na ng'ombe wachache, ametuletea swali ambalo twaona si lake peke yake. Mwanawe amemaliza kidato cha sita, naye ataka kwenda Chuo Kikuu, si kwa udaktari wala uhasibu, bali kwa masomo yanayochanganya jiografia, mazingira na uchumi. Majirani wamwuliza baba: "Huyo atakuwa nani?" Naye hana jibu. Je, akiuza ng'ombe kwa ajili ya kazi isiyo na jina, awatendea haki wadogo waliobaki nyumbani?

Tusilicheke swali hili. Jasho la jamaa nzima limo ndani yake.

Lakini tukumbuke ya kwamba Mwalimu Julius Nyerere, alipofika Edinburgh mwaka 1949, alianza kwa masomo mafupi ya kemia na fizikia, kisha akachagua shahada pana: fasihi ya Kiingereza, uchumi, historia, sheria ya katiba, elimu ya jamii za watu, na falsafa ya maadili. Alimaliza mwaka 1952. Kama mtu angaliuliza siku zile kijana huyo atakuwa nani, ni nani angalijibu? Hatusemi kila achanganyaye masomo atakuwa rais. Wapo waliochanganya wakachanganyikiwa.

Na matatizo ya nchi yetu hayaji yamegawanyika kwa vitivo. Huko Mang'onyi, wilayani Ikungi, kuna mgodi wa dhahabu. Penye mgodi huzuka maswali ya maji ya visima, mipaka ya mashamba na fidia. Mjuzi wa miamba peke yake hayamalizi, wala mwanasheria peke yake. Yataka mtu ajuaye kidogo lugha ya hao wote, na zaidi lugha ya wazee wenye mashamba.

Hatari ipo, tena kubwa. Kijana aweza kuikimbia hesabu kwa kuwa ni ngumu, akauita uvivu wake upana wa elimu. Huyo anafukia talanta yake, na mzazi ana haki ya kumwambia hivyo. Mwenye nia njema ataweza kueleza ni jambo gani hasa ataka kulifahamu, na kwa nini somo moja halimtoshi.

Hata hivyo, amri si ya baba. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2230, yawaonya wazazi wasiwashurutishe watoto katika kuchagua kazi wala mwenzi wa ndoa, ingawa haiwazuii kuwapa shauri la busara. Sisi mapadre twalijua vema: kijana aliyesukumwa seminarini na mama yake, mara nyingi hurudi.

Basi twamshauri mzazi amwite mwanawe jioni, amsikilize mpaka mwisho, kisha amwambie bila kuficha ng'ombe wangapi wamebaki, na ni mdogo gani angojea ada. Kijana wa miaka 20 apaswa kuijua hesabu hiyo kabla hajajaza fomu.