Wasia kwa Mwanangu Aendaye Kilwa

Mwanangu, umeniambia unakwenda Kilwa Kisiwani kwa basi kuyaona magofu, nami nimefurahi. Kabla hujakata tiketi nisikilize kidogo, maana adabu ya safari hii haingoji ufike penye Msikiti Mkuu. Inaanzia Mbagala, Dar es Salaam, pale unapopanda basi.

Panda basi la alfajiri. Njia ni kiasi cha kilometa 300 kwenda kusini, na jua la asubuhi litawapiga waliokaa upande wa kushoto. Ukijaliwa kiti cha kulia chenye kivuli, kisha ukaona mzee au mama mjamzito anaungua upande wa pili, mpishe bila kungoja akuombe. Msalimu uliyekaa naye. Kama ni mkubwa wako, shikamoo ije kabla hujaweka begi. Dirisha ni lenu nyote wawili, basi muulize kabla hujalifungua, kwani upepo unaokuburudisha wewe huenda unamjazia vumbi mtoto aliyempakata. Wala usifungulie simu muziki au mawaidha kwa sauti. Hata mawaidha mema humchosha asiyeyaomba.

Wapo wanaokataa kunywa maji njiani kwa kuona haya kumwomba konda basi lisimame wachimbe dawa. Wewe usifanye hivyo. Joto la pwani, hasa kati ya Desemba na Machi, halina huruma na mwenye haya; kunywa kidogo kidogo, na ukibanwa sema mapema na kwa upole. Chupa ikiisha baki nayo mkononi. Kurusha chupa dirishani ni kuwatupia watu taka mlangoni mwao, kwa sababu kando ya barabara ile watu wanalima na kuishi. Na safari ikikuchosha, kumbuka kwamba kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, wasafiri wa kusini walingoja kivuko mtoni Rufiji, na masika yaliweza kuwakwamisha. Waliosafiri enzi zile wamo ndani ya basi hilohilo, waulize, watakusimulia.

Ukifika Kilwa Masoko, shughulikia kibali na mwongozaji kabla ya kuvuka kwenda Kisiwani. Nauli ya mashua ipatane ukiwa ufukoni, na mkishaivuka bahari usiirudie kuijadili. Nahodha akikwambia maji yanakupwa, turudi, rudi; yeye ndiye anayeijua bahari yake.

Hapa sasa nisikilize zaidi. Kisiwani si makumbusho yaliyofungwa kwa ukuta. Ni kijiji chenye wazazi, watoto, msikiti unaosaliwa na makaburi yanayozuriwa. Mgeni hupokewa na watu kwanza, mawe baadaye. Vaa nguo ya pamba, pana, inayofunika mabega na magoti. Itakukinga na jua na itakuheshimisha. Ikiwa ni Ramadhani, usinywe maji mbele za watu. Kamera iombewe ruhusa. Watoto wakikufuata wasalimu, lakini usiwagawie fedha ukawafundisha kuombaomba. Nunua chakula kwa mama anayepika hapo kijijini, fedha yako itafika nyumbani mwao kwa heshima.

Ndani ya Msikiti Mkuu, ulioanzishwa karne ya 11 na kupanuliwa baadaye, shusha sauti. Kuba zake zilibomoka sehemu nyingi, lakini mahali watu walipoweka paji la uso chini kwa karne nyingi si pa kurukaruka wala kupandisha miguu mihrabuni kwa ajili ya picha. Kuta ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, na mizizi, mvua na mawimbi vimezila. Mwaka 2004 UNESCO iliyaingiza magofu haya katika orodha ya urithi ulio hatarini, ikayatoa mwaka 2014 baada ya kazi ndefu ya ukarabati. Ukiupanda ukuta, unaibomoa kazi hiyo.

Kigae cha kauri ya China kikikuangazia mchangani, kitazame kisha kiache. Nakuambia kwa msisitizo kwa sababu watu wema kabisa huiba hapa bila kujiona wezi. Sarafu ya shaba ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa Kilwa ilipatikana Great Zimbabwe, mbali sana na bahari, nayo ni ushahidi wa uhusiano wa Kilwa na nchi ya dhahabu. Lau mpita njia angeitia mfukoni, ushahidi ule ungepotea naye.

Sultani huyohuyo alijenga jumba la Husuni Kubwa, lenye birika la pembe nane linalotazama bahari. Nenda huko asubuhi au baada ya alasiri, maana njiani jua ni kali. Msafiri Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, anasimulia jinsi fakiri alivyomwomba sultani nguo alizovaa, naye akaenda kuzivua na kumpa. Habari hiyohiyo inataja watumwa waliotolewa zawadi pamoja na pembe za ndovu. Mwongozaji akikueleza ukarimu, sikiliza. Akikueleza na watumwa, sikiliza vilevile, usimkatize wala usigeuze uso. Hao nao walikuwa watu wa mji huu.

Utasikia pia ubishi juu ya nani aliijenga Kilwa, Washirazi au wenyeji. Usiwasahihishe wazee barazani kwa ulichosoma juzi. Wenye nasaba ya Shirazi wana haki ya kuitaja, na wachimbuzi wameonyesha kuwa watu waliishi na kufanya biashara hapa kabla ya usultani; uliza, andika, wacha wajibu wenyewe.

Mlipe mwongozaji kabla hajakukumbusha. Na picha ulizowaahidi watu wa Kisiwani, watumie kabla basi la kurudi halijaondoka Masoko.