Shahidi Aliyebandikwa Ubavuni

Kijana anayejikusanyia vyombo vya kompyuta ya kuchezea magemu, na mfuko wake ni mwepesi, aghalabu huanza na vile vitakavyoonekana: kadi ya grafiki, ambayo jina lake atalitamka mbele ya wenzake; kisha prosesa; kisha kasha lenye kioo ubavuni na feni zenye taa za rangi; na yote hayo yakiisha kupatikana, kwa senti zilizosalia, kama zimesalia, ndipo huikumbuka pawasaplai, kijisanduku cha chuma kikaacho gizani na kisichompa mtu sifa. Mpango huu wa kununua waweza kudhaniwa kuwa kosa la hesabu tu, walakini mimi nauona kuwa umebeba suala la kale la wenye hekima na wenye dini, nalo ni hili: mtu ana haki gani ya kukiamini asichokiona, na imani hiyo ikibainika kuwa batili, taksiri ni ya nani?

Asichokiona hapa si kitu kidogo. Umeme wa ukutani katika miji yetu una volti 230 hivi na hutimiza mizunguko 50 kwa kila sekunde. Kompyuta haiwezi kuutumia hivyo ulivyo, ila baada ya pawasaplai kuupokea, kuushusha na kuunyoosha uwe wa volti 12, 5 na 3.3 zisizoyumba, hata pale mchezo unapofika penye moshi na milipuko na kadi ya grafiki ikadai kwa ghafula maradufu ya ilichokuwa ikila. Kila kilichomo ndani ya kasha huishi kwa mkono wake. Kadi ikifa, aghalabu hufa peke yake. Pawasaplai isiyo na kinga ndani yake yaweza kufa pamoja na jamaa zake wote, na diski yenye picha za harusi ya dada mtu ikaingia katika idadi ya maiti. Na kwa sisi, ambao umeme hutukimbia bila ya kuaga na kuturudia kwa kishindo, jambo hili si la nadharia.

Na tumsikilize shahidi mwenyewe. Ubavuni mwa kijisanduku hubandikwa lebo. Ninayo moja hapa mezani, ya namna ile iuzwayo rahisi au kutolewa bure pamoja na kasha: maandishi makubwa yanasema wati 500, na chini yake, kwa herufi zinazomtaka msomaji asogee dirishani, mna jedwali la volti na ampea. Penye volti 12 pameandikwa ampea 16. Zidisha 12 kwa 16 upate wati 192, nazo ndizo takriban zote utakazozifaidi, kwa kuwa prosesa na kadi ya grafiki hula katika volti 12, na wati nyingine zimerundikwa katika volti 5 na 3.3, ambazo kompyuta za siku hizi hazizihitaji sana. Zamani zilihitajiwa: kanuni ya ATX ya mazabodi na pawasaplai, iliyotolewa na Intel mwaka 1995, ilitoka wakati volti hizo ndogo zilipokuwa ndizo zenye kazi, na tangu marekebisho ya mwaka 2003 mzigo mkubwa umewekwa juu ya volti 12. Basi kijana akiitia kadi ya RX 580, inayopendwa kwa kuwa hupatikana mkononi mwa mtu kwa bei ya huruma, na ambayo kwa maandishi ya watengenezaji wake hula wati 185, prosesa na feni na diski zitabakiwa na wati 7 za kugawana.

Ajabu ya lebo hii ni kuwa pengine haikusema uongo. Imesema kweli katika maandishi madogo ili ipate ruhusa ya kudanganya katika maandishi makubwa. Tendo hili halikungoja kompyuta ili lijulikane: sura ya 83 ya Kurani, Al-Mutaffifin, yafunguliwa kwa onyo juu ya wale wanaojipimia kikamilifu na kuwapunja wenzao, na kila mwanafunzi wa chuoni amepata kuisikia habari ya Mtume alipopita sokoni, akatia mkono katika chungu ya nafaka, vidole vikakuta unyevu chini ya ukavu wa juu, akamwuliza mwenye mali kwa nini hakuiweka ile iliyoloa mahali watu watakapoiona. Hakuulizwa kwa nini mvua ilinyesha. Aliulizwa juu ya mpangilio wa bidhaa, yaani kipi kimewekwa juu na kipi kimefichwa, nao mpangilio ndio uliomo katika lebo yetu.

Lakini kumlaani muuzaji ni kazi nyepesi, na mwenye kulaani hubaki bila ya kompyuta. Gumu ni la mnunuzi. William Kingdon Clifford, mwanahesabu wa Kiingereza, aliandika mwaka 1877 makala juu ya maadili ya kuamini, na ndani yake akaweka mfano wa mwenye meli aliyekuwa akijiandaa kupakia wahamiaji katika chombo kikuukuu. Shaka ilimjia, akaifukuza kwa kujiambia kuwa chombo kimekwisha kwenda na kurudi mara nyingi, na kwamba Mungu hatawaacha watu waendao kutafuta maisha, akaamini kwa moyo safi, chombo kikazama, naye akapokea fedha za bima. Clifford alimtia hatiani, na hapo wengi wanakubaliana naye. Kisha akasema neno lenye kuuma zaidi: lau chombo kingalifika salama, mwenye meli angalikuwa na hatia ile ile, kwa kuwa kinachomhukumu si alichokiamini bali njia aliyoipitia hata akakiamini.

Nijuavyo mimi, hakuna hoja inayovunja zaidi mazungumzo ya mafundi na wateja wao kuliko hii. Ukimwonya mtu juu ya pawasaplai yake, hukujibu kuwa anayo mwaka wa tatu na haijamfanya neno. Jibu hilo ni la chombo kilichofika. Halisemi lolote juu ya bahari, wala juu ya mbao. Tena wale ambao chombo chao hakikufika hawapo barazani kutoa ushahidi wao, wameshauza mabaki na kurudi kucheza kwa simu.

William James wa Marekani alimjibu Clifford mwaka 1896, akasema kuwa yako mambo ambayo mtu hulazimika kuyaamua kabla ya ushahidi kukamilika, na ambayo kungoja kwenyewe ni uamuzi. Neno hili lina insafu kubwa, na katika dini na mapenzi mimi ni mfuasi wake. Ila James aliweka masharti: liwe jambo zito, lisilo na njia ya tatu, lenye fursa isiyorudi. Kompyuta ya magemu haimo humo. Kijana aweza kungoja mwezi; aweza kushuka daraja moja la kadi; aweza kutumia prosesa yenye grafiki ndani yake hadi mshahara ujao. Anayesema hakuwa na budi, hali ameshalipia feni zenye taa, udhuru wake haukubaliki, kwani ufukara haukumzuia kununua kilichoonekana.

Nitaulizwa: wamtaka basi afungue kijisanduku atazame? Hasha. Ndani yake mna kapasita kubwa iliyofanywa kuhimili volti 400 hivi, nayo yaweza kubaki na umeme wenye kudhuru hata baada ya waya kuchomolewa ukutani; asiye fundi akitia bisibisi humo anajitakia. Fundi akikufungulia ile ya rahisi, atakuonyesha pale umeme unapoingilia, ubaoni, matundu matupu yaliyochapwa herufi za koili na kapasita za kuchujia ambazo hazikutiwa kamwe, na palipostahili koili pamevushwa kipande cha waya. Atakuonyesha mabati ya kupozea joto yaliyo membamba kuliko kifuniko cha kopo la maziwa. Mtu wa kawaida hana njia ya kuyaona hayo dukani, na sheria haikumtaka kila mtu awe mujtahidi, mwenye kujitafutia hukumu mwenyewe. Taklidi, yaani kumfuata ajuaye, ni halali kwake. Ila aliyeruhusiwa kufuata hakuruhusiwa kufuata yeyote, na hapa ndipo wajibu wa mnunuzi unapoanzia.

Wanazuoni wa hadithi walilijua tatizo hili karne nyingi kabla yetu. Tamko likiwafikia, hawakutosheka na uzuri wake; waliuliza limepokewa na nani kutoka kwa nani, wakamchunguza kila mtu katika isnadi, ukweli wake, kumbukumbu yake, na kama kweli alikutana na yule anayemtaja. Pawasaplai nayo ina isnadi, na ni wachache waijuao. Jina lililoandikwa juu ya sanduku mara nyingi si la aliyeitengeneza: Corsair ya Marekani, kwa mfano, imekuwa ikiuza zilizotengenezwa na Seasonic na nyingine zilizotengenezwa na Channel Well Technology, zote mbili za Taiwani, na chini ya jina moja la biashara mna mifululizo isiyolingana daraja. Kwa hiyo kuuliza kama jina fulani ni zuri ni kuuliza nusu ya suali. Hata jina lenye sifa hujeruhiwa: mwaka 2021 kampuni ya Gigabyte ilikubali kuwabadilishia wateja pawasaplai za aina mbili, P750GM na P850GM, baada ya wapimaji kuripoti kuwa zilikuwa zikipasuka, na ikashusha kikomo ambacho kikifikiwa kinga yake dhidi ya mzigo wa kupita kiasi huanza kufanya kazi. Wapimaji hao, wanaoifunga pawasaplai kwenye mashine ya mzigo, wakaisukuma hadi ikome na kuandika walichokiona, ndio wenye cheo cha wale waliowachunguza wapokezi. Mnunuzi asiyejua atafute neno lao juu ya aina ile ile aishikayo, si juu ya ndugu yake.

Yuko shahidi mwingine ambaye hutwishwa asiyoyajua, naye ni ile nembo ya 80 PLUS, iliyoanzishwa mwaka 2004. Daraja lake la chini husema kwamba katika mzigo wa asilimia 20, 50 na 100 angalau asilimia 80 ya umeme uliovutwa ukutani hufika kwenye kompyuta. La shaba, katika umeme wa volti 115, hudai asilimia 82, 85 na 82. Ni ushahidi wa kweli, lakini ni wa ubadhirifu wa umeme tu. Haukusema kama kapasita zitadumu, wala kama kinga zitaamka umeme utakapozidi kiasi. Tena vipimo hivyo hufanywa katika baridi ya chumba, digrii 23 hivi, ambayo mkazi wa Dar es Salaam mwezi wa Februari haijui ila kwa kusimuliwa. Mimi humwamini zaidi mwenye kutia mali yake rehani: mtengenezaji anayetoa dhamana ya miaka 5, 7 au 10, na duka lililo tayari kuitekeleza dhamana hiyo hapa hapa, kwa kuwa ulimi haugharimu na kubadilisha bidhaa kunagharimu.

Kwa yule ambaye hata hayo yamempita kimo, iko njia ya unyenyekevu ambayo vijana wengi wa Nairobi na Kariakoo wameshaigundua. Kompyuta za maofisini zilizotumika, Dell na HP na Lenovo ziletwazo kutoka Ulaya na Dubai, huja na pawasaplai ndogo lakini ya kweli. OptiPlex 9020 ya kasha kubwa, kwa mfano, ina ya wati 290, na zinapoandikwa 290 ndizo. Humo yaingia kadi ya GTX 1650 ya wati 75, ya namna isiyo na tundu la waya wa ziada, ikala katika mlango wake wa mazabodi bila ya kumwomba mtu. Mwenye pupa atataka zaidi. Ataona kuwa mazabodi ya Dell hiyo ina plagi ya pini 8 badala ya 24 za kawaida, basi pawasaplai ya dukani haiingii bila ya adapta. Na atauziwa pia ule waya wa kuunganisha plagi ya diski ya SATA na kadi inayodai plagi ya pini 8. Plagi ya SATA imepimiwa wati 54 katika volti 12, na ile ya kadi huruhusiwa kuvuta 150. Plastiki inayoyeyuka baina ya namba hizo mbili haina haja ya mwanafalsafa wa kuifasiri.

Limebaki jambo moja ambalo Clifford hakuligusia na fiqhi imelishughulikia. Siku kijana atakapotaka kuiuza kompyuta yake ili apande daraja, ukumbi hugeuka: alikuwa akiusikiliza ushahidi, sasa yeye ndiye anayetakiwa kuutoa, na mnunuzi aliye mbele yake ni mjinga kama alivyokuwa yeye. Mnunuzi huyo ana khiyari ya kurudisha bidhaa iliyofichwa aibu, lakini khiyari hiyo yamfaa nini ikiwa muuzaji ni namba ya simu isiyopatikana tena? Basi mwenye kujua kuwa pawasaplai yake ni ya wati 192 aseme, ijapokuwa lebo inasema 500 na hakuna aliyemwuliza, ashushe na bei. Au, akiitaka bei ya kompyuta kamili, aiondoe hiyo kwanza, atie nyingine, na ile ya zamani aikate waya zake ndipo aitie katika vyuma chakavu, isije ikasafishwa vumbi na kurudi rafuni.