Nani Ampishe Nani Njiani?

Lugha yetu ina neno barabara, nalo limebeba maana mbili. Kwanza ni njia pana ipitayo magari. Pili ni sifa ya jambo lililotengenea: tukisema fulani kajibu barabara, twakusudia kwamba kajibu sawasawa, pasipo pengo wala pogo. Mwenye kazi ya kufasiri huhangaika na neno hili, kwani akilihamishia lugha nyingine hulazimika kuiacha maana moja nyuma. Nami huona kwamba katika kuziweka maana hizo nyumba moja, lugha imetuachia swali. Je, kila barabara imekaa barabara? Na njia ikae vipi ndipo tuseme kuwa ni ya haki?

Nitaliuliza swali hilo kwa maneno mepesi zaidi: wakikutana njiani mwenye kasi na mwenye kwenda pole, nani ampishe mwenzake?

Tuanzie mbali, ili tukirudi kwetu tuone vyema. Huko Uingereza wako watu wanaopenda kuchukua baiskeli zenye matairi mapana kidogo, wakaiacha lami kwa makusudi, wakafuata njia za changarawe zinazopanda vilima, kuingia misituni na kukatiza nyika za juu zisizo na kinga ya upepo. Hawabebi mzigo ila chupa ya maji na koti la mvua. Hawaendi kuuza wala kununua, wala kumjulia hali mgonjwa. Waenda ili waende. Msomaji wa kwetu aweza kucheka akisikia kwamba yuko mtu anayeikimbia lami kwenda kutafuta mawe na tope, ilhali vijiji chungu nzima vinaomba lami usiku na mchana. Lakini asicheke mapema.

Njia zile hazikuwa wazi kwa kila mtu tangu zamani. Mwezi wa Aprili 1932, mamia ya watu, wengi wao vijana wafanyakazi kutoka Manchester na miji ya jirani, waliupanda mlima wa Kinder Scout bila ya idhini ya wenye ardhi, na watano kati yao wakatiwa gerezani. Ama wapanda baiskeli, sheria ya mwaka 1968 ndiyo iliyowapa haki ya kupita katika njia za farasi za Uingereza na Wales, nayo iliwapa kwa sharti: wampishe aendaye kwa miguu na aliyepanda farasi. Tena sheria hiyo haikumlazimisha mtu yeyote kuwatengenezea njia hizo. Wazikute zilivyo, wapite kwa adabu.

Tuitazame mizani ya sharti hilo. Ingekuwa wepesi kusema kwamba mwenye kasi apite na mzito ajitenge. Sheria haikusema hivyo. Aliyeongezewa haki ndiye aliyeongezewa wajibu, na mgeni wa njia aliambiwa amheshimu aliyemtangulia. Watu wa pwani hatuwezi kulistaajabia jambo hili, kwani sisi tumelelewa katika mafunzo ya Mtume (S.A.W.) kwamba aliyepanda ndiye aanzaye kumsalimu aendaye kwa miguu, naye aendaye humsalimu aliyekaa, na kwamba kuondoa chenye kudhuru njiani ni tawi la imani. Aliye juu ndiye mwenye kuinama kwanza.

Sasa tuvuke maji, twende Nachingwea na Ruangwa, katika Mkoa wa Lindi. Huko nako baiskeli hupita katika changarawe, mchanga na udongo, baina ya mikorosho na miti ya pori, lakini si baiskeli ya kujipumbaza. Ufikapo msimu wa korosho, kuanzia mwezi wa Oktoba, ndiyo ibebayo gunia kutoka shambani kwenda katika ghala la chama cha msingi. Nje ya msimu hubeba mkaa, mihogo, madumu ya maji, na pengine mgonjwa aliyefungwa kanga kiunoni asianguke. Atazamaye kwa makini namna mzigo unavyofungwa ataona sanaa ambayo washairi tunaifahamu: upande huu usizidi upande ule, kama vile ukwapi usivyotakiwa kuuzidi utao kwa mizani. Penye mlima mwenyewe hushuka akaisukuma. Hapo baiskeli huwa punda, naye huwa ndiye miguu ya punda huyo.

Mtu huyu ndiye mrithi wa mpagazi, na sisi wa visiwani tuna sababu ya kumjua. Misafara ya pembe na ya watumwa, iliyotoka pande za Ziwa Nyasa kuelekea Kilwa na Lindi, iliikatiza nchi hiyo ya kusini, na wengi waliofikishwa pwani walipakiwa majahazini kuletwa kwetu, mpaka soko la watumwa la Unguja lilipofungwa mwaka 1873. Njia zile hazikumpisha mnyonge. Aliyechoka ndiye aliyeachwa nyuma, na mzigo ulithaminiwa kuliko mchukuzi wake.

Desturi ya kuuthamini mzigo kuliko mtu haikufa na misafara. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga, hizo ambazo wengi wetu visiwani twaziita njugu nyasa, katika sehemu za Kongwa, Urambo na Nachingwea. Ilikusudiwa kulima ekari zaidi ya milioni 3. Pakajengwa bandari mpya Mtwara, na reli ikatoka pwani hadi Nachingwea. Karanga hazikuitikia. Mapema mwaka 1951 mradi ulivunjwa, ukiwa umekwisha kumeza paundi zipatazo milioni 36. Reli ilijikongoja miaka michache, ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na vyuma vyake vikang'olewa. Walioamua hivyo walikuwa na hesabu zao, na kwa hesabu hizo hawakukosea: mzigo haupo, reli ya nini? Lakini watu walikuwapo. Njia iliyokatwa kwa ajili ya mzigo mmoja ilikufa pamoja na mzigo huo, na vile vijia vyembamba vilivyochorwa kwa nyayo vikabaki vikipitisha watu kama kawaida.

Kisa hiki si cha kale tu. Katika ardhi ya Ruangwa mna madini ya kinywe, yanayotakiwa ulimwenguni kwa ajili ya betri, na penye madini hufuata malori. Ni vyema basi tuulize mapema: barabara itakapopanuliwa, mwenye gunia la korosho katika baiskeli atahesabiwa kuwa ni mpita njia, au atahesabiwa kuwa ni kizuizi?

Hapa nasikia hoja mbili. Ya kwanza yasema kwamba kuwalinganisha watu hawa wawili ni dhihaka, kwani mmoja yu katika starehe na mwingine yu katika dhiki. Ni kweli kwamba hawalingani. Mwenye starehe akichoka hurudi nyumbani, na njia ikimchukiza huchagua nyingine. Mwenye gunia hana njia ya pili. Lakini tofauti hiyo haiipunguzi hoja yangu, bali yaizidisha. Ikiwa mtu aliyetoka kujiburudisha amestahiki sheria ya kumlinda asisukumwe, huyu aliyetoka kutafuta riziki astahiki nini?

Hoja ya pili ni nzito zaidi. Yasema kwamba kasi ni rehema: mama mwenye uchungu wa kuzaa huokolewa na lami, wala hakuokolewa kamwe na ushairi wa vijia vya msituni. Hoja hii naikubali yote. Asiyewahi kumpeleka mgonjwa katika njia mbovu usiku asiisifu njia mbovu. Lakini tuitazame tena gari ya wagonjwa. Kila mtu huipisha, hata tajiri, na hakuna anayeona kwamba ameonewa. Kwa nini? Si kwa kuwa ina kasi, maana ziko gari zilizo na kasi kuishinda. Twaipisha kwa kuwa ndani yake amelala aliye mnyonge kuliko sisi sote. Basi hata pale kasi inapopewa njia kwa haki, mwenye kupishwa hasa ni udhaifu. Kanuni haikuvunjika hapo, imedhihiri zaidi.

Wala tusimrundikie lawama zote kijana wa pikipiki anayemrushia vumbi mwenye baiskeli. Aghalabu chombo si chake, na jioni anangojewa na mwenyewe kwa hesabu ya siku. Haraka ile si yake peke yake. Nyingine kaazimwa na mtu aliyekaa kivulini. Deni la njia hupanda ngazi mpaka kwa yule apangaye hesabu, na kwa yule achoraye barabara asiweke pembeni mahali pa gurudumu jembamba na pa mguu.

Wahenga walinena kuwa mwenda pole hajikwai. Hawakusema kwamba hagongwi. Methali hiyo twapenda kumpa mnyonge imliwaze, nasi hatujampa mwenye nguvu ya kwake ya kumuonya. Nami naona kipimo kimo katika adabu zetu wenyewe, wala hakihitaji kutoka Manchester wala katika vitabu vya wahandisi. Aliyepanda amsalimu aendaye kwa miguu, kisha asikie akiitikiwa. Akishindwa kwa mbio alizo nazo, basi kwa mahali wapitapo watu mbio hizo zimezidi, na barabara inayomlazimisha kuzishika, hata ikiwa na lami nyeusi isiyo na shimo, bado haijakaa barabara.