Shangazi hataki kiti

Huku kwetu Cibitoke, Bujumbura, kiti cha magurudumu kikiingizwa nyumbani, majirani huja kutazama kana kwamba wamesikia tanzia. Huuliza kwa sauti ya chini: kumbe hatembei tena? Swali hilo ndilo linalomfanya shangazi yangu akikatae. Yeye anatembea, anasema. Ni kweli: kutoka kitandani hadi mlangoni, kutoka mlangoni hadi jikoni, huku ameshika ukuta. Magoti yamechakaa, na pumzi humwishia upesi. Sokoni hajafika siku nyingi, na kanisani hufika kwenye sikukuu kubwa tu.

“Mwanangu, nikishakaa humo sitainuka tena.”

Hofu yake si ya kupuuzwa. Anayeketi kutwa bila kujigeuza hulegea misuli, na ngozi ya makalio huweza kutoka vidonda vibaya; ndiyo maana kiti bila mto mzuri ni nusu ya kiti. Lakini nani alisema aketi kutwa? Kiti cha kusukuma si cha aliyepooza peke yake. Kinamfaa aliyevunjika nyonga anayesubiri mfupa uunge. Kinamfaa aliyeugua polio utotoni, akatembelea magongo miaka mingi, na leo mabega yanamuuma kuliko miguu. Kinamfaa pia mtu kama shangazi, ambaye nguvu zake za siku nzima huishia njiani, akafika ibadani hana hata sauti ya kuimba. Asukumwe hadi mlango wa kanisa, kisha asimame mwenyewe wimbo ukianza. Tena petroli inapoadimika mjini na foleni za basi zikarefuka, mwenye magoti mabovu anasubirije akiwa amesimama?

Mjini Goma hadithi ni nyingine. Kwenye mpaka wa Gisenyi, wafanyabiashara wenye ulemavu huvusha mizigo mizito kwa baiskeli za magurudumu matatu zinazoendeshwa kwa mikono. Hakuna anayewaendea na rambirambi. Watu wanawaendea na bidhaa. Ila baiskeli ile haipiti mlango wa chumba wala haikusogezi mezani. Ni ya safari. Ndani ya nyumba na kwa safari fupi, kiti ndicho chenye kazi.

Si kiti chochote, lakini. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu viti vya kusukuma katika nchi zenye uwezo mdogo, na kiini chake ni kwamba kiti kimfae mwenye kukitumia na mahali anapoishi, na apimwe kabla ya kupewa. Hapo ndipo wafadhili wengi huteleza. Huleta kile cha hospitali, chenye vigurudumu vidogo mbele vilivyoundwa kwa sakafu laini. Kilete kwenye avenyu zetu baada ya mvua uone: vigurudumu vinazama, na mwenye kiti anainamia mbele kama anayetaka kuruka. Kwa udongo wetu afadhali kiti cha magurudumu matatu, lile la mbele likiwa limetangulia mbali na miguu. Kama hakipatikani, msukumaji ajue kukiinamisha nyuma ili vigurudumu vya mbele vipae juu ya shimo, na kwenye mteremko mkali akishushe kinyumenyume. Wajukuu hujifunza hayo upesi. Kazi ni kuwazoesha kumwambia bibi kwanza kabla ya kumsukuma, maana wanapenda kuondoka naye kama toroli!

Shangazi sasa amelegeza msimamo kidogo. Amekubali kiti kije kwa majaribio, kwa sharti kiwe cha kukunjwa, kifichwe nyuma ya kabati wageni wakija. Nimekubali sharti. Mimi nahangaikia mtaro ulio mbele ya lango lake, uliotandikwa ubao mmoja ambao hata mbuzi huupita kwa uangalifu. Tunahitaji mbao tatu pana zilizoungwa kwa misumari, na seremala anataka nusu ya pesa kwanza.